Vidonge Nilivyompa Wifi Yangu

Koo langu lilianza kuuma siku ya kufua. Nilikuwa kisimani, huku kwetu Likoni, pamoja na wifi yangu Zena, dada mkubwa wa mume wangu, Mungu amrehemu. Yeye ndiye aliyegundua kwanza. Alinichokoza mara mbili, nikanyamaza, akaweka ndoo chini akanitazama. "Fatuma, mbona leo hunirudishii?" Sisi mawifi wa zamani tulikuwa tukitaniana kutwa, na mwenye kunyamaza alikuwa ama amekasirika ama ni mgonjwa. Nilimwonyesha koo kwa kidole. Kumeza mate tu ilikuwa kazi.

Vita vile vikubwa vilikuwa vimekwisha si miaka mingi. Bakari, mume wangu, alikuwa akifanya kazi bandarini Kilindini, akivuka na feri alfajiri na kurudi jioni ananuka magunia. Tulikuwa na mtoto mmoja, Rukia, ndiyo kwanza anatembea kwa kushika ukuta. Nyumba yetu na ya Zena zilitenganishwa na ua wa makuti, na ua huo ulikuwa na tundu tulilolipanua wenyewe ili bakuli lipite. Kikiiva kwake, nusu yangu. Kikiiva kwangu, nusu yake. Naiona hata sasa mikono yake ikitokea kwenye makuti na bakuli la mbaazi, na sauti nyuma yake, "Pokea basi, naungua."

Homa ilinipanda mchana ule ule. Kichwa kiliuma, shingo ikavimba chini ya masikio, na sauti yangu ikawa ya mtu mwingine. Sikuwa na mafua wala kikohozi, na hilo lilitushangaza. Bibi mmoja wa mtaani alikuja kunitazama, akanifungua kinywa mbele ya dirisha, akasema hayo ni mafindofindo na kimio nacho kimeshuka. Dawa yake, alisema, ni kukatwa, na yuko mtu Mtongwe ana mkono mwepesi.

"Hakatwi mtu hapa," Zena alisema.

"Wewe umekuwa mganga lini?"

"Sijawa mganga, bibi. Lakini nilimwona mtoto wa jirani alivyokatwa. Huyu nampeleka dispensari, kwa dresa."

Basi akanipeleka, Rukia mgongoni mwake na mimi nimemshika mkono. Dispensari ilikuwa na chumba kimoja na ukumbi wenye benchi refu, lililosuguliwa na makalio ya watu mpaka likang'aa. Tulikaa hapo tangu asubuhi hadi jua kali. Ningeweza kuandika kitabu kizima juu ya benchi lile. Unajua nani ana mimba kabla mumewe hajajua. Unajua nani amempiga nani. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye surua aliniona natema mate kwenye kitambaa kwa kushindwa kuyameza, akaniachia nafasi yake mbele. Sikupata kumjua jina.

Dresa alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alinibana ulimi kwa kijiko, akamulika, akaguna. Alinipa vidonge vyeupe kwenye kipande cha karatasi. Vilikuwa dawa mpya, alisema, zilizokuja baada ya vita, na havikuwa vingi.

"Kutwa mara nne, mpaka viishe," akasema. "Hata ukipona, meza mpaka viishe. Na kikombe chako kiwe chako peke yako. Umenisikia, mama?"

"Nimesikia."

Nilisikia, wallahi. Shida haikuwa kusikia.

Siku ya tatu niliamka nikameza mate bila kufikiri, na hapo ndipo nilipojua nimepona. Homa hakuna, shingo imenywea, nikala wali na mchuzi wa papa mpaka Bakari akacheka. Jioni ile nikamsikia Zena upande wa pili akimbembeleza Mishi, bintiye wa miaka tisa, na Mishi akilia kwa sauti ile ile niliyokuwa nayo mimi. Mvua ya masika ilikuwa imevunja njia ya dispensari, na Zena alikuwa akisubiri ipungue.

Nilihesabu vidonge vilivyobaki. Vilikuwa kumi na viwili. Nikavifunga, nikainama kwenye tundu la ua.

"Zena, mpe Mishi hivi."

Alivipokea, akafungua karatasi, akanirudishia. "Vyako hivi. Si uliambiwa uvimalize? Nilikuwapo mimi."

"Mimi nimepona. Nimeze dawa na sina ugonjwa?"

"Fatuma."

"Mpe mtoto, usinichoshe."

Akampa. Mishi akapona. Na mimi, sikufichi, nilijiona mwanamke mwema kuliko wote Likoni.

Nataka nieleweke hapa, kwa sababu naandika haya kwa ajili ya wale ambao leo wana kopo la vidonge vilivyobaki juu ya kabati. Sisi hatukuwa wajinga. Tuliazimana chumvi, moto, nguo ya kwendea harusini, hata maziwa ya kunyonyesha. Kukaa na dawa ndani na mtoto wa mwenzio analia kwa homa lilikuwa jambo la aibu. Kwa hivyo sisemi nilikuwa na moyo mbaya. Nasema dawa ile ilikuwa na kazi yake ndani yangu na kazi haikuwa imekwisha, na Mishi naye alistahili dawa yake kamili, si mabaki yangu.

Zilipita kama wiki tatu. Siku moja nikaamka goti la kulia limevimba, lina moto. Kesho yake goti likatulia na maumivu yakawa kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, halafu kiwiko, halafu kiganja. Yalikuwa yakihama kama mgeni asiyejua alale chumba gani. Wakasema ni baridi yabisi. Nikakandwa kwa mafuta ya nazi na karafuu, na Zena akinikanda huku akinipigia hadithi ili nisilie. Hakuna aliyelihusisha goti na koo. Koo lilikuwa limeshasahauliwa.

Kisha pumzi ikaanza kuniishia. Nilipanda kizingiti cha mlango wangu mwenyewe nikalazimika kukaa chini, moyo unanipiga kifuani mpaka kanga inatikisika. Rukia alikuja akaniegemea mguu, na uzito ule mdogo wa mtoto ukanitoa ukelele. Akaogopa akalia. Bakari alitafuta mkokoteni, akanitandikia godoro, akanisukuma yeye na rafiki yake hadi dispensari, na kila shimo la njia nililijua kwa viungo vyangu.

Dresa alinisikiliza kifua kwa muda mrefu. Kisha akavua miwani.

"Mama, wewe ulikuwa na koo. Vidonge vyangu ulivimeza vyote?"

Bakari alikuwa amesimama pale pale, jasho linamtoka. Nilimtazama dresa, nikamtazama mume wangu. Niliogopa. Niliogopa kuonekana mpumbavu, niliogopa kugombezwa mbele ya watu wa benchi, na nilikuwa na maumivu. Ulimi hauna mfupa.

"Wifi alivichukua," nikasema. "Vilivyobaki. Alimpa bintiye."

Ni maneno machache tu. Bakari alinifunika miguu kwa shuka, taratibu sana.

Nilivushwa na feri siku hiyo hiyo hadi hospitali ya serikali kisiwani, nikalazwa kitanda cha nne kutoka mlangoni. Daktari alikuwa Mhindi mfupi mwenye Kiswahili chake mwenyewe. Aliniambia ugonjwa wa koo umeshuka viungoni na sasa unagusa moyo, na kwamba dawa kubwa ni kulala. "Hapana kaa, hapana simama, hapana beba toto. Hapana shtuka, hapana hasira." Nilimuuliza kwa siku ngapi. Akasema tusihesabu siku.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa sindano. Nilichomwa asubuhi na jioni mpaka nikawa najua mwuguzi yupi ana mkono mzuri kwa kusikia hatua zake. Mwezi wa pili ulikuwa wa vidonge vya maumivu, vingi mno, vilivyofanya masikio yangu yavume kutwa. Mashavu yaliingia ndani, nywele zilikatika, pete ya ndoa ikawa inanitoka kidoleni nikaifunga uzi. Kulikuwa na mhudumu mmoja wa wodi, aya tukimwita, mwanamke wa Kigiriama, ambaye kila Alhamisi alikuja na kitana chake mwenyewe akanisuka zile chache zilizobaki. Zilizonasa kwenye kitana akizikunja tu kiganjani akaenda nazo.

Viganja vilipotulia, mgonjwa wa kitanda cha pili alinifundisha kusuka ukili wa mikeka nikiwa nimelala chali. Tangu hapo nilihesabu muda kwa urefu wa ukili. Kusi likavuma, likapoa, Ramadhani ikaja nikasikia mizinga ya futari kutoka kitandani, na ukili wangu ukawa unatosha kuzunguka wodi.

Bakari alikuja Jumapili. Zena alikuja Jumatano. Mwanzo sikuelewa kwa nini hawaji pamoja, mpaka Bakari mwenyewe aliponiambia, huku akinimenyea chungwa.

"Nimemwambia sitakula tena kwake."

"Nani?"

"Zena. Nilimwuliza kama Mishi alimeza dawa yako. Akasema ndiyo. Nikamwuliza kama alisikia dresa akisema uvimalize. Akasema ndiyo. Basi, nimemalizana naye."

"Ni dadako, Bakari. Amekulea."

"Ndiyo maana."

Hapo ndipo ningesema. Kinywa kilikuwa changu na pumzi ya maneno mawili ningeipata. Nikala chungwa.

Jumatano Zena alipokuja nililala nimekaza mwili mzima, nikingojea aniulize. Aliweka bakuli la uji, akavua ushungi, akajipepea. "Rukia ameota meno mawili ya juu," akasema. "Anamng'ata kila mtu. Nimemtia pilipili kidogo kidoleni, ameninunia." Akanieleza habari za kuku, habari za Mishi, habari za mtu aliyeanguka majini akishuka kwenye feri na samaki wake. Akanilisha uji kwa kijiko, kwa sababu kuinua mkono kulikuwa kumekatazwa. Hakuuliza. Na mimi nilimeza uji wa mtu niliyemsingizia, kijiko baada ya kijiko, nikaona haya, nikanyamaza.

Rukia alikuwa kwake wakati huo wote. Hakuna mwingine wa kumtunza. Bakari alikuwa akimwona mtoto wake uani, akiita aletewe, bila yeye kuingia ndani. Mara moja Zena alimleta hospitali, nikazuiwa kumshika. Nilimwona kwa mbali, mlangoni, amevaa gauni la Mishi lililopunguzwa. Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtu yeyote. Kisha akaficha uso shingoni mwa Zena.

Kitanda cha tano, karibu na changu, alilala msichana wa Changamwe mwenye ugonjwa kama wangu, koo kwanza, kisha magoti, kisha moyo. Alikuwa mcheshi, akiiga sauti ya daktari mpaka wodi nzima ikaumwa mbavu. Siku mbili kabla ya Idi alifariki, mchana kweupe, akiwa anaulizia maji. Waliondoa godoro lake wakalianika juani.

Nililitazama godoro lile kutwa. Sikuwaza mauti hasa. Niliwaza hivi: moyo wangu ukisimama leo, Bakari atanizika akijua ni Zena aliyeniua. Atakwenda nalo mpaka kaburini mwake. Na Zena hatakuwa na shahidi yeyote, kwa maana shahidi ni mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini mimi nilikuwa nimeficha kitu ambacho kifo kingekificha vizuri zaidi.

Niliapa kusema Jumapili ile. Jumapili ikaja, Bakari akaniletea kanga mpya ya Idi, amefurahi kuniona nimenenepa kidogo. Sikusema. Mnaosoma mkiwa wagonjwa mtanielewa: mgonjwa anategemea uso wa kila anayeingia mlangoni, na anaogopa sana kuubadilisha.

Vuli ilipoanza nikaruhusiwa. Daktari alisema mlango mmoja wa moyo wangu haufungi sawasawa tena, na kwamba koo likiniuma tena nisingoje hata siku moja. Nilimwuliza, kwa sauti ndogo, kama vile vidonge kumi na viwili vingenizuilia haya. Akafikiri. "Labda. Labda hapana. Nani jua? Lakini ningependa umeze." Kwa miaka mingi baadaye nilikwenda kuchomwa sindano kila mwezi, na kila mara nilihesabu hiyo "labda" yake. Nanyi msingoje. Koo likiuma na homa juu, tena bila mafua, nendeni mkapimwe. Mkipewa dawa, imalizeni, hata ikiwa mmepona, hata ikiwa jirani analia. Jirani mshikeni mkono mkampeleke naye.

Nyumbani nililazwa kwenye kitanda karibu na dirisha. Makuti ya ua yalikuwa yamebadilishwa. Bakari alikuwa ameshona ua mpya, imara, usio na tundu.

Siku ya nne Bakari alirudi kutoka kazini, akakaa ukingoni mwa kitanda akavua viatu. "Nimezungumza na shangazi wa Msambweni," akasema. "Mvua ikikatika nampeleka Rukia huko mpaka upate nguvu."

"Kwa nini? Yuko kwa Zena hapo nyuma, namsikia akicheka."

"Mtoto wangu hatalelewa na mtu aliyekula dawa ya mamake. Nimevumilia kwa sababu ulikuwa hospitali."

Moyo ulianza kunipiga. Niliuweka mkono juu yake, kama daktari alivyonifundisha, nikangoja upungue. Haukupungua, nikaona bora niseme hivyo hivyo.

"Hakuvichukua, Bakari. Nilimpa. Alivikataa nikamlazimisha. Nilimwambia dresa uongo kwa sababu niliogopa."

Alikuwa ameshika kiatu kimoja mkononi.

"Yeye anajua kuwa ulisema hivyo?"

"Anajua. Wewe ndiye uliyemwuliza."

"Na alinijibu ndiyo, ndiyo." Akakiweka kiatu chini. "Nilimwita mwizi, Fatuma. Mbele ya watoto wake."

Alitoka akakaa barazani mpaka magharibi. Hakunigombeza, si siku ile wala baadaye, na afadhali angenigombeza.

Asubuhi hakwenda kwenye feri. Nilimsikia akizunguka ua, akibisha hodi kwa dadake. Nikangoja. Kisha nikainuka, nikajifunga kanga, nikaanza kutembea. Tangu masika sikuwa nimetembea mbali zaidi ya choo. Nilishika ukuta kama Rukia alivyokuwa akishika, nikapumzika kwenye shina la mnazi, nikapumzika tena, nikafika.

Bakari alikuwa mkekani, macho mekundu, mahamri mbele yake na Rukia mapajani. Zena alikuwa amenipa mgongo, anakaanga. "Karibu," akasema bila kugeuka. Nikakaa. Nilidhani mambo yamekwisha. Bakari alikula, akanawa mkono, akambusu mtoto, akaenda kazini akiwa amechelewa kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Zena akaepua karai. "Mdogo wangu ameniomba radhi," akasema. "Amelia, mtu mzima yule. Na wewe umekuja kunywa chai?"

"Nimemweleza ukweli, Zena. Jana."

"Umemweleza yeye." Sasa akageuka. "Miezi yote hiyo nimevuka maji kila Jumatano. Kila nikipanda feri nilisema, leo Fatuma ataniambia. Sikutaka umwambie Bakari. Bakari ni ndugu yangu, angerudi siku moja. Nilitaka uniambie mimi, kwa kinywa chako, wakati nakulisha uji. Nilikuwa nakaa pale nangojea. Unakijua kiti kile kilivyo kigumu?"

"Kwa nini hukusema nimekusingizia?"

"Daktari alisema usishtuliwe."

Nilitaka kupiga magoti nimshike miguu. Nilipoanza kuinama alinidaka kwapani akanirudisha mkekani. "Acha. Magoti yenyewe yametoka hospitali juzi."

"Niwie radhi, Zena. Nilikupa kwa mkono wangu, kisha nikakuita mwizi. Niwie radhi."

Alikaa mbele yangu, mikono yake ina unga. Rukia akaja akaingia katikati yetu, akamshika Zena, akanitazama.

"Nimekuwia radhi, duniani na akhera," Zena alisema. "Lakini nina hasira na wewe, na nitakuwa nazo mpaka nichoke mwenyewe, na wewe utavumilia."

"Nitavumilia."

"Haya, kula. Umekonda unatisha."

Alikuwa na hasira mpaka maembe yakaisha. Kila siku alinilisha, na kila siku akanikumbusha.